Kwa nini bamba nene la chuma huchongwa kingo kabla ya kuchomelewa

Sikio la baketi ya eskaveta, lile bamba lenye tundu la pini, likikatika kwenye machimbo ya kokoto, liokote kabla halijatupwa kwenye chuma chakavu, kisha utazame uso wa mkatiko. Mara nyingi utakuta hali mbili kwenye uso mmoja. Juu na chini kuna ukanda mwembamba wa chuma kilichochanika, cha kijivu, chenye chembechembe zinazong'aa. Katikati, ambako ndiko sehemu kubwa ya unene ilipo, kuna ukuta uliotulia wenye kutu ya siku nyingi, na mistari ya tochi ya gesi iliyokata bamba siku ya kwanza bado inasomeka. Mistari hiyo ndiyo ushahidi. Chuma kingeyeyuka pale, isingebaki. Bamba la milimita 30 lilikuwa limeshikwa na milimita tatu nne za kila upande, na juu yake kuna mshono mpana, wa kupendeza, uliopakwa rangi ya njano.

Mshono kama huo haukuponzwa na kijiti kibaya cha kuchomelea wala mkono mbaya. Uliharibika kabla mashine haijawashwa, pale kingo mbili zilizokatwa wima ziliposogezwa zikagusana. Kazi iliyorukwa ni ya kuchonga ukingo uwe mshazari, ile ambayo karakana nyingi huiita kupiga beveli. Inachosha, ina vumbi, inakula diski na gesi, na ikishafunikwa na mshono mteja haioni. Kwa hiyo ndiyo inayoachwa kwanza bei ikibanwa, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine ya kuchomelea chuma kinene inayostahili kupewa muda kuliko hii.

Moto haufiki mbali

Joto la tao la umeme, ule mwali unaoruka kati ya kijiti na bamba, ni maelfu ya digrii, na hilo huwapotosha wengi. Mtu anaona mwanga usiotazamika kwa macho matupu, anaona chuma kikichemka, anaamini kila kilicho chini yake kimeyeyuka. Lakini ukali wa joto ni kitu kimoja na kina cha kuyeyusha ni kingine. Kwa kijiti cha kawaida, tao huchimba milimita mbili tatu ndani ya chuma, nne kama umeme ni mwingi na kijiti ni cha aina inayopenya. Zaidi ya hapo joto linanyonywa na bamba lenyewe, na kadiri bamba linavyokuwa nene ndivyo linavyonyonya kwa nguvu, kwa sababu joto linakimbilia chini na pembeni kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mabamba ya milimita tatu hadi tano yanaweza kuunganishwa kingo zikiwa wima, ukiacha mwanya mdogo na ukichomelea pande zote mbili. Ukifika milimita sita unaanza kubahatisha. Kuanzia nane kwenda juu, kwa vijiti, hakuna ujanja: kingo zichongwe ili tao lishuke hadi chini kabisa, lianzie huko, kisha lijaze tabaka juu ya tabaka mpaka usawa wa bamba.

Wapo wanaojaribu kuongeza ampea. Ampea zikizidi, kijiti kinapata joto kupita kiasi na dawa yake, lile ganda linalokifunika, inaungua kabla ya wakati, dimbwi la chuma linatanuka kuliko linavyozama, na pembeni mwa mshono kunachimbika mfereji ambao nao ni mwanzo wa ufa. Kina kinaongezeka kidogo sana. Zipo njia zinazoweza kweli kuvuka unene bila beveli: mashine za viwandani zinazochomelea chini ya unga kwa mamia ya ampea huunganisha mabamba ya milimita 12 yaliyokatwa wima, zikipita pande mbili, miale ya elektroni ndani ya chumba kisicho na hewa huzama sentimita kadhaa kwa mpigo mmoja, na Taasisi ya Paton ya Kyiv, Ukraine, ndiyo iliyoendeleza ule ufundi wa kusimamisha mabamba manene sana wima na kujaza pengo lake kwa chuma kinachoyeyushwa na joto la slagi, ile taka ya dawa ya kuchomelea. Hizo ni karakana nyingine. Kwa fundi mwenye mashine ya vijiti au ya waya, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, njia ya kufika chini ni kuichonga.

Pembe, ubapa na mwanya

Chukua mabamba mawili ya milimita 20 yanayotakiwa kuunganishwa ukingo kwa ukingo. Kila ukingo unalazwa kwa digrii 30 kutoka wima, ili vikikutana vifanye V ya digrii 60. Chini ya mshazari haumalizii kwenye makali kama ya kisu. Unaacha ubapa wa wima wa milimita moja na nusu hadi mbili hivi. Kisha mabamba hayagusani. Yanaachiana mwanya wa milimita mbili na nusu hadi tatu. Vipimo hivi vitatu vinafanya kazi pamoja, na ukibadilisha kimoja unalazimika kuviangalia viwili vilivyobaki.

Pembe inaamua kama mkono wako utafika. Ikiwa nyembamba mno, kijiti kikishuka kinagusa ukuta kabla hakijagusa mzizi, yaani sehemu ya chini kabisa ya mshono, tao linarukia pembeni, na slagi inabaki imekwama kwenye kona ambayo nyundo haiingii. Hapo chuma kipya kinalala kando ya ukuta bila kushikana nao. Ukikata mshono huo katikati na kuung'arisha, utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele mahali pa kushikana. Kwa macho ya nje hauonekani kabisa.

Pembe pana inampa mkono raha, ila gharama yake inafichwa na jinsi V inavyopanuka kuelekea juu. Kwa bamba hilo la milimita 20, lenye ubapa wa milimita mbili na mwanya wa tatu, V ya digrii 60 inahitaji takriban kilo 1.9 za chuma kuijaza kwa kila mita moja, bila kuhesabu kilima cha juu. Ifungue iwe digrii 90, inakuwa kilo tatu. Na hizo ni kilo za chuma kilichobaki kwenye kiungo. Theluthi moja au zaidi ya uzito wa vijiti ulivyonunua inaishia kwenye slagi, cheche na vile vipande vya mwisho vinavyotupwa sakafuni, kwa hiyo pakiti zinazohitajika ni nyingi kuliko hesabu. Unene ukiongezeka mara mbili, chuma cha kujazia hakiongezeki mara mbili: kwa milimita 40, V ileile ya digrii 60 inataka karibu kilo saba na nusu kwa mita.

Ubapa wa chini nao una kazi yake. Ukiuondoa wote na kubakiza makali, tao la kwanza linayala na kutoboa tundu, na fundi anaanza kuziba tundu badala ya kujenga mzizi. Ukiuacha mnene, tuseme milimita tano, umerudi kule kwa bamba lililokatwa wima: tao halivuki, na chini kunabaki ufa ulionyooka urefu wote wa kiungo. Hili la pili ndilo linaloonekana zaidi kwenye kazi zetu. Mtu anachonga nusu ya unene, anaona V imetokea, anaridhika. Ukimuuliza, kingo amechonga. Ukipima, bado kuna sentimita nzima ya chuma ambayo haikuguswa.

Mwanya ndio mlango wa mwisho. Unaruhusu chuma kilichoyeyuka kitokeze upande wa chini na kuacha ukanda mdogo uliovimba, na huo ndio uthibitisho kwamba mzizi umeshikana pande zote mbili. Mafundi wazoefu huchukua kijiti cha milimita 2.5 au 3.2, hukigonga dawa itoke, hukikunja na kukiweka katikati ya mabamba wakati wa kuyashikiza, kisha hukichomoa. Huhitaji kipimo kingine. Kumbuka tu kwamba mwanya hufunga kadiri mshono unavyosonga, maana chuma kikipoa kinavuta, kwa hiyo upande wa mbali uachiwe nafasi kidogo zaidi na vishikizo viwe imara.

V, X na nyinginezo

Kuna jambo lingine linalotokea kwenye V, na halihusu nguvu bali umbo. Chuma kingi kiko juu, kidogo kiko chini. Kikipoa, juu kunavuta zaidi kuliko chini, na mabamba mawili yaliyokuwa yamelala sawasawa yanainua mabawa. Kwenye sakafu ya trela au ukuta wa tangi, kuyanyoosha ni kazi kubwa kuliko ile ya kuchomelea.

Kama unaweza kugeuza kazi, au kuingia upande wa pili, chonga pande zote mbili ili zikutane katikati kama X. Bamba la milimita 20 lililokula kilo 1.9 kwa V sasa linakula kilo 1.2 hivi. La milimita 40 linashuka kutoka karibu kilo saba na nusu hadi kilo nne na robo. Na kwa kuwa unapishanisha tabaka, moja huku moja kule, mivuto inashindana na bamba linabaki limenyooka. Kabla ya kuanza upande wa pili, mzizi wa upande wa kwanza unachimbuliwa kwa grainda, au kwa kijiti cha kaboni na hewa ya kompresa, mpaka ufike kwenye chuma safi kisicho na slagi wala mstari. Asiyechimbua anakuwa amefunika uchafu kwa pande zote mbili.

Bamba linaposimama juu ya lingine kama herufi T, ni lile lililosimama ndilo linalochongwa, upande mmoja au pande zote mbili. Kwa unene mkubwa sana, sentimita nne na kuendelea, viwanda huchonga U: kuta zinakaribia kuwa wima na chini kuna mviringo wa kutosha kijiti kuingia. U inaokoa chuma kingi cha kujazia, lakini mviringo ule unataka mashine ya kukereza au kufyeka, na tochi ya mkononi haiwezi kuutoa kwa usahihi. Kwa karakana ya kawaida X inatosha.

Kwenye mabomba, anayechomelea mara nyingi hana nafasi ya kuingia ndani, kwa hiyo mzizi lazima utengenezwe kutoka nje peke yake. Kiwango cha Kimarekani cha ASME B16.25 kinataka miisho ya mabomba na viungio vyake ilazwe digrii 37.5, ikiwa na ubapa wa milimita 1.6, kwa kuta za hadi milimita 22. Zikizidi hapo, mshazari unavunjwa: chini unabaki na digrii hizo, kisha juu unasimama hadi digrii kumi, ili V isifunguke kupita kiasi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina kipenyo cha inchi 24 na urefu wa kilomita 1,443. Katika umbali huo wote, kila mahali vipande viwili vinapokutana ni kingo mbili zilizoandaliwa zikitazamana.

Kuchonga kwenyewe

Anza na hesabu ndogo ya kuchora mstari. Toa ubapa kwenye unene, zidisha kwa 0.577, utapata umbali wa kurudi nyuma kutoka ukingoni kwa mshazari wa digrii 30. Bamba la milimita 20 lenye ubapa wa mbili: 18 mara 0.577 ni milimita 10.4. La milimita 30: 16.2. Chora mstari huo juu ya bamba kwa chaki ya fundi, na mstari wa ubapa kwenye ukingo wenyewe. Mistari miwili ikishachorwa, mkono una mipaka. Kuchonga kwa kukadiria hutoa mshazari unaopandashuka, na mwanya ambao ni milimita moja hapa na sita pale.

Chuma cha kuondoa si kidogo. Ukingo mmoja wa bamba hilo la milimita 20 unatoa karibu robo tatu ya kilo kwa kila mita. Kuitoa yote kwa grainda ni diski kadhaa na mikono kufa ganzi, na ndiyo sababu watu hukata tamaa katikati na kuacha nusu ya unene. Kwa chuma cha kawaida, gesi ndiyo itangulie, grainda imalizie.

Tochi ya oksijeni na asetilini haikati kwa kuyeyusha, na anayelielewa hili hukata vizuri zaidi. Moto wa kwanza unapasha chuma hadi kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, karibu nyuzi joto 900. Hapo ukifungua oksijeni safi, chuma chenyewe kinaanza kuungua, na kuungua huko kunatoa joto la kuendeleza mkato. Oksidi inayotokea huyeyuka kwenye joto la chini kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inatiririka na kupeperushwa nje kama cheche na slagi. Chuma cha pua hakikubali mchezo huu kwa sababu kromiamu yake hutengeneza oksidi ngumu kuyeyuka inayoziba njia. Alumini nayo ni hivyohivyo. Hivyo hukatwa kwa plazma au huchongwa kwa mashine, na diski iliyosaga chuma cha kawaida isiguse chuma cha pua, maana inaacha chembe zinazokuja kushika kutu.

Ukiilaza tochi kwa digrii 30, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, njia ya mkato inarefuka: milimita 20 zinakuwa 23, na kwa digrii 45 zinakuwa 28. Nozo na mgandamizo wa oksijeni vichaguliwe kwa urefu huo wa mshazari, si kwa unene wa bamba. Pili, moto unaogonga uso kwa kulala hupoteza joto jingi, sehemu yake ikiruka kando. Kwa hiyo moto wa kupasha uwe mkubwa kidogo na mwendo uwe wa polepole kuliko mkato wa wima. Mkono mtupu hautoshi kwa mita nzima. Bana anglaini, kile chuma cha umbo la L, juu ya bamba, iwe reli ya kuegemeza tochi. Mwenye kile kigari kidogo cha umeme kinachotembea juu ya reli na kubeba tochi iliyolazwa ana bahati. Kazi yake hutoka karibu haihitaji kusagwa.

Uso uliokatwa ni wa kusomwa. Mistari myembamba, inayoshuka karibu kunyooka, na kona ya juu iliyobaki kali, ni dalili ya mwendo sahihi. Mistari ikipinda kurudi nyuma, ulikimbia. Kona ya juu ikiyeyuka na kuwa mviringo na chini kukawa na mashimo, ulikawia. Na tazama kitu kingine hapo: kama katikati ya unene kuna mstari mmoja mrefu unaofuata bamba, hiyo huenda si alama ya tochi. Inaweza kuwa ni tabaka lililoachana ndani ya bamba tangu kiwandani. Bamba hilo lisichomelewe mpaka lichunguzwe.

Kisha grainda. Ondoa ganda jeusi la oksidi lote mpaka chuma king'ae, sawazisha mashimo, rekebisha ubapa kwa diski au hata kwa tupa. Mkato wa plazma ya hewa unahitaji kusagwa vilevile, kwa sababu naitrojeni ya hewa huingia kwenye uso na baadaye kutoa vitundu ndani ya mshono. Tumia diski nene ya kusagia. Ile nyembamba ya kukatia haikuundwa kubeba nguvu za ubavuni na hupasuka. Tabia ya kuvua kinga ya grainda ndogo ili kufunga diski kubwa iachwe kabisa. Diski ya milimita 230 imeruhusiwa takriban mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo huzunguka 11,000. Ikipasuka, vipande vinamfuata aliyeishika, na miwani haizuii kipande cha ukubwa huo.

Usafi na joto la bamba

Ukingo uliochongwa vizuri bado unaweza kuharibu kazi kama ni mchafu. Kutu ina maji, mafuta na rangi vina haidrojeni, na tao likivunja vitu hivyo haidrojeni inazama ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kwenye bamba jembamba hutoka taratibu. Bamba nene hupoza mshono haraka, chuma kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kabla haidrojeni haijapata pa kutokea, na ufa unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Safisha mshazari wenyewe na sentimita mbili na nusu za uso wa juu na wa chini kandokando yake, mpaka chuma kitupu. Vijiti vya haidrojeni kidogo, vile vya E7018, vitoke kwenye oveni au kwenye pakiti ambayo haijavuta unyevu. Pwani, kwa hewa yetu ilivyo, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha si ya kuaminika kwa kazi nene.

Mabamba magumu ya kustahimili msuguano, yale ya midomo ya baketi na matumbo ya mashine za kusaga kokoto, yanahitaji kupashwa joto hata kabla ya kukatwa kwa gesi yakiwa manene. Ukingo wake ukikatwa baridi huwa mgumu kama kioo, na unaweza kupasuka wenyewe bila kuguswa.

Mizizi miwili iliyogharimu

Usiku wa kuamkia 28 Machi 1980, kwa usahihi zaidi jioni ya tarehe 27, jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa malazi ya wafanyakazi wa mafuta baharini, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Watu 212 walikuwemo, 123 wakafa. Uchunguzi ulirudi kwenye kitu kidogo: kishikilio cha chombo cha kusikiliza sauti majini, kilichopachikwa kwenye mojawapo ya mihimili mikubwa ya mabomba. Kilichomelewa kwa mshono wa kawaida wa konani, usiopenya vizuri, kwa kuwa hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya kubeba mzigo. Ndani ya ufa ilikutwa rangi, maana yake ufa ulikuwepo tangu jukwaa likiwa halijatoka kiwandani. Mawimbi yaliurefusha mpaka mhimili ukakatika, na mguu mzima ukang'oka.

Wa pili ni wa Los Angeles. Tetemeko la Northridge la 17 Januari 1994 liliacha majengo ya fremu za chuma yamesimama, lakini wahandisi walipobandua kuta walikuta nyufa kwenye viungo vya mihimili na nguzo katika zaidi ya majengo 100. Kingo zilikuwa zimechongwa. Tatizo lilikuwa chini ya beveli: kipande cha chuma kilichowekwa kuegemeza mzizi kiliachwa palepale baada ya kazi, na ule mstari kati yake na nguzo ukawa ufa uliokwisha kuanza. Chuma cha kujazia nacho hakikuwa na uwezo wa kutosha wa kuhimili mshtuko. Baada ya hapo utaratibu ulibadilika: kwenye ukanda wa chini wa mhimili kipande hicho huondolewa, mzizi huchimbuliwa na kufungwa upya.

Ufa nao huchongwa

Tukirudi machimboni, kazi nyingi za bamba nene huku kwetu ni za kurekebisha, si za kuunda upya. Sikio limepasuka, halijakatika bado. Kupitisha mshono juu ya ufa ni kuuficha. Chini yake unaendelea kutembea. Tafuta kwanza unapoishia, na macho peke yake yasiaminiwe. Safisha, pulizia dawa nyekundu ya kupenya, subiri, futa, kisha pulizia unga mweupe. Mstari mwekundu utajichora wenyewe, na kwa kawaida ni mrefu kuliko ulivyodhani. Toboa tundu dogo mbele kidogo ya kila ncha ili ufa usikimbie wakati wa kupashwa moto. Halafu chonga kufuata ufa wenyewe, si mstari ulionyooka unaopendeza, ukishuka mpaka uishe. Kama umepita unene wote, chonga nusu kutoka huku na nusu kutoka kule, ipatikane X.

Ukidhani umefika mwisho, rudia dawa nyekundu ndani ya mfereji. Mstari ukitokea tena, hata wa nusu sentimita, grainda irudi. Usipotokea, osha dawa yote, pasha bamba joto, na mzizi uanze kujengwa kutoka chini.